Kizuizi cha Shingoni

Majina yote ninayo. La daktari, la muuguzi, la yule mama wa duka la chumvi, hata la ng'ombe tuliyekuwa tukimkamua mwaka ule. Wajukuu zangu hunijaribu: bibi, aliyekuwa akiuza mafuta ya taa pale njia panda aliitwa nani? Nawatajia, na la mkewe nawaongezea. Lakini humu sitaandika jina hata moja. Mimi kunyamazia jina nimekuzoea.

Nilipoolewa, kutoka Matwebe kuja Kyimo, jambo la kwanza alilonifundisha mama mkwe halikuwa kupika wala kulima. Alinifundisha jina la baba mkwe ili nisije nikalitamka. Pamoja na jina lenyewe, kila neno linalofanana nalo lilikuwa mwiko kinywani mwangu. Na kwa bahati yangu mbaya, jina lake lilikaribiana na neno letu la mvua. Ninyi mnaoijua Rungwe mtanionea huruma. Kwetu mvua hainyeshi tu, inahamia. Mwaka mzima nilikuwa nikisema "maji ya juu." Toeni nguo kambani, maji ya juu yanakuja. Mume wangu alikuwa akinichokoza: "Leo hali ya hewa ikoje, mke wangu?" Anajua nitahangaika kutafuta neno.

Wala uso wa baba mkwe mwenyewe sikuuona. Siku hizi vijana hawaelewi nikiwaambia hivyo, wanadhani nasema kwa kupamba. Mkamwana na baba mkwe hawakuwa wanatazamana. Mzee akitaka kupita uani alitanguliza sauti, nami nikaingia migombani, nikachutama, nikaipa njia mgongo mpaka hatua zake zitoweke. Chakula chake nilipika mimi. Mashati yake nilifua mimi, na njia ya kwenda nyumbani kwake niliifagia mimi. Ukiniuliza macho yake yalikuwaje, nitakwambia nilivyoambiwa na wengine.

Basi nilimjua kwa sikio. Wapo watu wanaojulikana kwa sura, yeye kwangu alikuwa sauti iliyotembea ndani ya ukungu. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka mlimani ulifunika kila kitu, migomba ikawa vivuli, nyumba ikawa kivuli kikubwa, na ndani ya weupe ule ilitoka sauti yake akisali kwa Kinyakyusa, sala ndefu, polepole, kila neno likiwekwa chini kama yai. Mpaka leo ukungu ukishuka hivyo nasimama kidogo. Mtu akinisemesha simjibu mara moja. Nakuwa nimekwenda.

Kazi yake ilikuwa kizuizini. Wenye umri wangu wanavikumbuka vizuizi. Gogo refu lililolazwa kukatisha barabara, limefungwa jiwe upande mmoja ili liinuke, na kando yake kibanda. Yeye alikaa kwenye barabara inayoshuka Kyela. Mchele ukipanda bila kibali aliushika. Sukari, sabuni, vitenge vya ng'ambo ya mpaka, vyote alivishika. Alivaa koti la kaki, nalo nilikuwa nikilifua nikalijua kila kifungo. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yakajaa ghafla, mitumba ikamwagwa chini sokoni kama majani, kila mtu akawa mfanyabiashara. Siku moja wakaliinua gogo lile wakaliacha juu. Hakuna aliyekuja kulishusha tena. Mzee akarudi nyumbani na koti lake, akakaa kibarazani na kiko chake, akavuta tumbaku na kutazama magari yanavyopita bila kusimama.

"Yanapita tu," alikuwa akimwambia mama mkwe. "Hakuna anayeyauliza mnabeba nini."

"Wewe ulipoyauliza yalikuwa yanajibu ukweli?" mama mkwe alimjibu.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Walitaniana asubuhi mpaka jioni, nami nyuma ya ukuta wa jiko nikimenya ndizi huku nikicheka kimya kimya.

Sijui siku gani hasa sikio langu lilianza kuhangaika. Lilikuja kama ndoto inavyokuja, hujui ulilala saa ngapi. Katika ile sala ya asubuhi, kila alipofika penye L, ulimi ulichelewa. Unajua mtu anavyongoja mlango ufunguliwe? Ulimi ulisimama mlangoni, halafu neno likapita limeshika ukuta. Nikajiambia ni baridi. Kisha nikajiambia ni kiko, labda anasali kikiwa mdomoni. Lakini mzee hakuwa mtu wa kusali na kiko.

Nikamwambia mama mkwe. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mbalaga, mikono imejaa utomvu.

"Mama, tata anaongea kama mtu aliyeweka ndizi ya moto mdomoni."

Akanitazama. "Kumbe huko nyuma ya ukuta unamsikiliza mume wangu."

"Nitaziba wapi masikio, mama?"

"Mimi nimelala naye tangu nikiwa msichana sijasikia ndizi yoyote." Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Anasema jino linamkwaruza."

Tukaliacha hapo. Lililokuja baada ya hapo lilikuwa uvimbe. Chini ya taya, upande wa kushoto, kidogo kama punje ya harage. Mimi sikuuona, nilisimuliwa. Nao ukakua bila kuuma, na kwa kuwa hauumi, watu wakaufanyia mzaha. Kwetu milimani uvimbe wa shingo una jina lake tayari. Kila ukoo ulikuwa na shangazi au bibi mwenye rovu. Tena rovu tuliona ni la wanawake. Kwenye chai, tukichuma, wenzangu walinipigia kelele kutoka mstari wa pili:

"Mwenzetu, tumesikia baba mkwe wako amepata tezi. Mtamshonea gauni lini?"

"Mpimeni nyie," nikawajibu, "mimi siruhusiwi kutazama."

Wakacheka mpaka majani yakawadondoka vikapuni. Nami nikacheka. Ilikuwa ni kicheko tu, hakuna aliyekuwa na ubaya.

Miaka ile ndiyo tuliyofundishwa habari ya chumvi yenye madini joto. Mama wa duka, Mwislamu mmoja mpole mwenye duka karibu na soko la Tukuyu, akatufungia chumvi ya pakiti. Akasema, "Bibi, hii ndiyo ya tezi. Ile ya mawe acheni." Tukaila. Mboga zikakolea, maharage yakakolea, hata maji ya kunywa mama mkwe alitaka kuyatia. Uvimbe ukaendelea kukua. Nasi tukawa na subira nao, kwa kuwa tuliambiwa tezi haliondoki kwa siku moja. Nikikumbuka ile miezi naona kama tulikuwa tumekaa ndani ya ukungu, tunapika, tunakula, tunasubiri kitu kisichokuwa njiani.

Kilichotuzindua ni mtoki wa mwanangu. Alijikata unyayo kwa jembe, kidonda kikashika uchafu, akaota mtoki kwenye nyonga, akawa anachechemea. Jirani akataka kuukanda kwa maji ya moto. Mama mkwe akamkataza.

"Mtoki haukandwi," akasema. "Mtoki ni mjumbe tu. Kidonda kiko chini. Safisha unyayo, mtoki utaondoka wenyewe."

Tukasafisha unyayo. Mtoki ukanywea. Siku hiyo tulikuwa jikoni tena, maji ya juu yanapiga bati, hatusikilizani vizuri. Mama mkwe akaacha kumenya, kisu kikiwa mkononi. Mtu akiacha kazi vile unajua ameona kitu.

"Huu wa mzee," akasema, "unamtokea kwa kidonda gani?"

Nilikuwa nimekwisha kufika huko alikokuwa anakwenda. Nilikuwa nasikia ile L inayongoja mlangoni.

"Mdomoni, mama," nikasema. "Umtazame mdomoni."

Akainuka bila kunawa. Nikasikia upande wa pili wanabishana, mzee anasema yeye si ng'ombe wa kupanuliwa mdomo, mama mkwe anasema ng'ombe angekuwa na adabu. Kisha mama mkwe akarudi, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kumenya ndizi ambayo ilikuwa imekwisha kumenywa.

"Chini ya ulimi," akasema. "Pembeni. Pamechimbika."

Mimi nilikuwa na sikio, yeye alikuwa na jicho, na kila mmoja alikaa na nusu yake miezi yote ile.

Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa asubuhi. Walitangulia mzee, mama mkwe na mume wangu. Mimi nilifuata mbali nyuma na chakula, nikiona migongo yao ikiingia na kutoka kwenye ukungu kama watu wanaochorwa na kufutwa. Hilo koti la kaki nililifahamu. Lilivyokuwa likiyumba mabegani niliona amepungua.

Chumba cha daktari kilikuwa na dirisha upande wa nyuma. Nikakaa chini yake, penye upenu, na chungu changu kimefungwa kwa jani la mgomba. Hakuna aliyenikataza. Kila mtu alijua mkamwana hukaa wapi.

Daktari alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake chepesi. Muuguzi alikuwa binti wa kwetu.

"Mzee, inua ulimi. Peleka kulia. Hiki kidonda umekaa nacho muda gani?"

"Si kidonda. Ni jino linakwaruza."

"Hapa hakuna jino, mzee. Lilishatoka."

Mzee akafikiri. "Basi limeacha ukucha."

Nikamsikia muuguzi akijizuia kucheka. Daktari akamshika shingo, nadhani, maana alinyamaza kitambo, kisha akasema na muuguzi maneno ya kidaktari. Mume wangu akaeleza habari ya rovu na chumvi. Daktari akamwambia kwa upole kuwa rovu hukaa mbele, hapa kooni, na mtu akimeza mate hupanda na kushuka. Hili liko pembeni, ni gumu, nalo limejishikiza, halisogei. Akakata kipande kidogo cha kidonda kwenda kupimwa mbali, akatuambia turudi.

Siku tuliyorudi kusikia majibu naikumbuka kwa harufu. Dawa ya kufutia sakafu, udongo uliolowa, na ndizi zangu zikipoa. Daktari alitaja saratani. Mume wangu akauliza kama inawezekana kukata ule uvimbe wa shingoni, yaishe.

"Uvimbe wa shingoni si mwanzo wake," daktari akasema. "Mwanzo ni ulimi. Nisikilize, mzee. Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna vijia vingine vyembamba sana. Havibebi damu, vinabeba majimaji, yale kama ya kwenye lengelenge. Mahali penye kidonda, maji hayo huchukua uchafu kuupeleka usafishwe. Wanaosafisha ni tezi ndogondogo. Shingoni zimejipanga, kuanzia chini ya taya kushuka mpaka hapa juu ya mtulinga. Mimi ninazo, wewe unazo, huyu muuguzi anazo. Zikiwa salama ni kama punje, huzihisi."

"Endelea," mzee akasema.

"Saratani ya ulimi inabanduka vipande visivyoonekana kwa macho. Vinaingia kwenye maji yale, vinashuka, vinafika kwenye tezi ya kwanza. Tezi inavikamata."

"Inavikamata."

"Inavikamata, lakini haina nguvu ya kuvimaliza. Vinakaa pale, vinaota, tezi inavimba. Baadaye vinaanza kumwagika kwenda kwenye tezi inayofuata chini."

Mzee akamwomba muuguzi ayarudie kwa Kinyakyusa. Binti akarudia, taratibu, na alipofika kwenye tezi akasema vijiwe vya shingo. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye upenu. Kisha mzee akasema, kwa ile sauti yenye ndizi ya moto:

"Kumbe ni kizuizi."

"Kizuizi gani, tata?" muuguzi akauliza.

"Mwanangu, mimi nimesimama kizuizini mpaka nywele zikageuka. Unakamata magunia, unayapanga kando ya kibanda. Wakubwa hawaji kuyachukua. Magunia yanajaa mpaka na wewe mwenyewe huna pa kukaa. Mwisho magunia yanatoka upande wa pili, yanaendelea na safari, na gogo bado limelala barabarani."

Daktari akacheka kidogo. "Ndivyo ilivyo hasa."

"Na hawa walinzi wa shingoni, wanakula rushwa?"

"Hapana, mzee. Wanazidiwa."

"Na mimi nilikuwa nazidiwa," mzee akasema, "lakini hamkuniamini." Hapo mama mkwe akacheka, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine.

"Vingapi vimeshajaa?" mzee akauliza.

"Viwili. Cha chini ya taya, na kimoja katikati ya shingo. Vyote kushoto. Kulia bado sijahisi kitu. Kidonda chako kiko pembeni ya ulimi. Kingekuwa karibu na katikati, mara nyingi kingepeleka pande zote mbili."

"Na njia za panya?"

Daktari hakuelewa. Muuguzi akamweleza, zile njia wanazopita watu wa magendo kukwepa kizuizi.

"Zipo," daktari akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Wakati mwingine inaingia kwenye damu. Lakini kwa kawaida hufuata barabara. Taya, katikati, chini ya shingo, na kutoka hapo kifuani. Ndiyo maana nataka picha ya kifua. Kama imeshavuka shingo, sitakudanganya, Dar es Salaam haitakusaidia sana. Kama bado iko shingoni, watakata na watakuchoma mionzi, na unaweza kupona."

Ndivyo nilivyojua kilichokuwa kinangojewa. Nikiwa nimechutama chini ya dirisha la watu nilijikuta nimeshika shingo yangu mwenyewe, natafuta vile vijiwe chini ya taya. Mpaka leo hufanya hivyo bila kujua. Watu wanadhani bibi ana maumivu.

Picha ya kifua ikatoka safi. Mzee alikuja nayo nyumbani, akaiinua juani uani, mimi nikiwa migombani nimegeuka, nikamsikia anamwonyesha mama mkwe mbavu zake kama mtu anayeonyesha boma jipya. "Tazama. Kifuani hakuna mzigo."

Lakini Dar es Salaam akaikataa. Si kwa kuogopa safari. Walimwambia watakata na upande wa ulimi, naye akasema, "Mtu aliyekatwa ulimi ataitwa nani? Atasalije?" Kwa siku nyingi nyumba ikawa nzito. Mume wangu alimbembeleza, akaishia kukaa mlangoni ameshika kichwa. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu ambao sikumwambia mtu. Wao wangebaki na uso wake, mikono yake, mwendo wake. Mimi nilikuwa na sauti tu. Wakiikata ile, mimi nitabaki na baba mkwe gani?

Aliyemshinda ni mama mkwe. Alimwambia mbele ya mwanawe, nami nikisikia kupitia ukutani:

"Mume wangu, nimekusikiliza toka ujana wangu. Wakipunguza kidogo sitalalamika."

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika lile taya kwa maumivu, na kesho yake akamwambia mume wangu atafute namna ya kufika kwenye treni.

Mzee na mume wangu walikaa Dar es Salaam muda mrefu. Mahindi yaliota, yakapigwa palizi, yakazaa. Habari zilikuja kwa wasafiri, vipandevipande, kila mmoja ameongeza lake. Amekatwa. Amekatwa, anaendelea. Tezi za kushoto zimetolewa zote zimeshikana kama shanga kwenye uzi, na chache zilizokuwa chini kabisa zilikutwa bado safi. Hilo la mwisho mama mkwe alimfanya msafiri alirudie. Za chini zilikuwa safi? Zilikuwa safi, bibi. Sasa anachomwa mionzi, kinywa kimekauka, anakunywa uji kwa shida.

Alirudi siku ya ukungu, tena mzito, ule unaoingia mpaka ndani ya nyumba na kukaa kitini. Nilikuwa nafagia uani. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema neno. Sauti ilikuwa ya chini, pana, isiyo na kingo, kama ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Nikadhani ni mgeni, nikaanza kugeuka nimkaribishe.

"Wewe, usigeuke," mama mkwe akapaza sauti kutoka mlangoni. "Ni baba yako."

Ufagio ukanianguka. Nikajitupa migombani nilivyo, nikachutama kwenye tope. Nyuma yangu ile sauti mpya ikatoa kitu ambacho nilichukua muda kukitambua. Alikuwa anacheka. Kicheko hawakukikata, kilikuwa kilekile.

Ndipo nikaanza kujifunza upya. Ikanibidi kumsikiliza kama mtu anavyojifunza Kiswahili shuleni, na mimi shule niliishia darasa la nne. L haikurudi tena, ilikufa kabisa, mahali pake pakawa na pumzi. S ikawa kama upepo kwenye majani makavu. Sala ikawa fupi. Ndani ya msimu mmoja nilikuwa namwelewa kuliko mtu yeyote, nikawa nawatafsiria wageni kutoka nyuma ya ukuta: tata anasema mkae, tata anauliza hali ya mahindi ikoje. Mama mkwe akasema sasa mzee ana muuguzi wake.

Kiko alikiacha. Na akajipa kazi. Daktari wa huko alimfundisha kujipapasa shingo, pande zote mbili, na kurudi hospitali akihisi kitu. Yeye akaifanya kuwa zamu. Kila asubuhi baada ya sala alikaa kibarazani, akavaa lile koti, nami nyuma ya ukuta nikimsikia anakagua. Hakunyamaza wakati wa kukagua. Alitangaza.

"Kulia, chini ya taya. Hakuna mzigo."

Anangoja kidogo, vidole vinashuka.

"Kulia, katikati. Hakuna mzigo. Kulia, chini. Hakuna mzigo."

Kisha kushoto, penye kovu, ambapo ngozi mama mkwe alisema imekuwa nyeusi na ngumu kama gome. "Kushoto, barabara imefungwa. Hakuna gari."

Tulikuwa tunajifanya hatusikilizi. Mama mkwe alikuwa na kazi fulani mlangoni kila saa ile. Mume wangu alichelewa kwenda shambani. Mimi nilikuwa na moto wa kupuliza. Akimaliza ya mwisho, nyumba nzima ikaendelea na siku yake, mtu akaita kuku, mtu akamwaga maji. Alikagua hivyo masika na kiangazi, na masika tena. Mtoto wangu wa mwisho alijifunza kuongea kwa maneno yale. Alikuwa akipapasa shingo ya mbuzi na kumwambia hana mzigo.

Asubuhi ninayotaka kuisema haikuwa na ukungu. Kulikuwa kweupe, mlima umejitokeza wote mpaka kileleni, jambo la nadra, na mimi nilikuwa natwanga mahindi nyuma ya jiko. Mzee akasali. Akaanza kukagua.

"Kulia, chini ya taya. Hakuna mzigo."

Mchi ulikuwa unapanda na kushuka, nami ninasikiliza nusunusu, kama mtu anavyosikiliza maji ya mtoni.

"Kulia, katikati." Hapo akasimama. Nilidhani amegusa kitu. Lakini hakuwa amegusa kitu, maana akamalizia, "Hakuna mzigo." Alikuwa amesimama kuvuta pumzi. Akavuta tena. "Kulia." Akavuta. "Chini." Pumzi ilikuja fupi, haikufika ndani, iligonga mahali ikarudi. Nilimsikia anaifuata nyingine, na nyingine. "Hakuna mzigo."

Shingo ilikuwa safi, pande zote. Vidole vyake havikumdanganya. Na mimi nilijua, kama nilivyojua siku ile ya L ya kwanza, kwamba kilichokuwa kinatafutwa shingoni kimeshapita, kiko kifuani. Mchi ukabaki juu mikononi mwangu. Sikuushusha. Uani hapakuwa na sauti hata ya kuku.

Mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza. Alichotaka nikijue alikuwa akimwambia mtu mwingine, nami nikasikia. Asubuhi ile hakukuwa na mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa amekwenda kuteka maji, mume wangu alikuwa bondeni. Mzee akakohoa kidogo, akakaa. Kisha akasema, bila kuliita jina langu, na bila shaka ameelekeza uso barabarani:

"Nimesikia umenyamaza."

Nikaukaza mchi mikononi.

Akapumzika, akatafuta pumzi ya kumalizia.

"Usimwambie mapema. Mwache achote maji kwa raha." Pumzi. "Endelea kutwanga."

Nikaushusha mchi. Nikatwanga. Nilitwanga mpaka mahindi yakawa unga laini kupita kiasi, na mama mkwe aliporudi na ndoo yake kichwani akaniuliza kama leo ninapika uji wa mtoto mchanga. Nikamwambia ndiyo, mama, leo nimetwanga vibaya.